Je, Wajua? Mchuzi wa Nazi kwa Nusu Saa

Harufu ya viungo vingi huyeyuka zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na rangi ya manjano vilevile. Ndiyo maana bizari ikitupwa kwenye mchuzi unaochemka, mchuzi hubaki na ladha ya unga mbichi. Kaanga kitunguu kilainike, tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha manjano, bizari nyembamba na giligilani ya unga kwa nusu dakika hivi. Viungo vya unga huungua upesi na kuwa vichungu. Vikianza kushika sufuria, nyunyiza maji kidogo. Hapo ndipo nyanya huingia, nazo ziive mpaka mafuta yaelee.

Ajabu ni kwamba nyanya na pilipili zina asili ya Amerika. Kabla ya safari za Wareno na Wahispania, ukali wa michuzi ya India ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi.

Tui je? La pili, jepesi, ndilo la kupikia. La kwanza, zito, lingoje mwishoni, kwa moto mdogo, huku ukikoroga, maana likitokota sana hukatika, mafuta yakajitenga. Ukitumia samaki, vipande vya nguru huiva kwa dakika kumi tu, basi visiwekwe mapema. Ukwaju au ndimu hufuata.

Kama una kinu, nunua bizari nyembamba na iliki nzima, utwange za siku hiyo. Zilizosagwa hupoteza harufu mapema, hasa zikiwekwa karibu na jiko, mahali ambapo wengi wetu tunaziweka.