Elimu ya Viumbe Nayo ni Silaha

Mwaka 2002, tani 6.5 za pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka Malawi zilikamatwa Singapore. Ndovu hao waliuawa wapi? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walilinganisha vinasaba vya pembe hizo na vya kinyesi cha ndovu wa sehemu mbalimbali za Afrika. Jibu likawa hasa Zambia.

Ndugu askari, tunalinda mipaka kwa bunduki, lakini jangili hufichuliwa pia na elimu. Ikolojia, sayansi ya misitu na bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa vinasaba kwa kompyuta, husomewa hadi shahada ya uzamivu. Nchini Uswidi, mwanafunzi wa ngazi hiyo kwa kawaida huajiriwa kwa mshahara. Mwenye shahada ya pili miongoni mwetu asisite kuomba nafasi. Misitu yetu yamhitaji mlinzi huyo.