Mtu Mzima na Mchezo: Je, Kuna Umri wa Kuacha?



Tuseme leo umekwenda Lemara. Lemara ni kata ya jiji la Arusha. Anga likiwa safi, ukiwa hapo unauona Mlima Meru upande wa kaskazini. Ni saa kumi na nusu jioni. Chini ya mti wazee wawili wanacheza bao. Wazee wengine wanne wamesimama nyuma yao. Hawachezi, lakini kila mmoja anajiona bingwa. "Ungekula kule kichwani!" anasema mmoja. "Nyamaza, mwache acheze," anajibu mwingine.

Hatua chache kutoka hapo kuna kibanda chenye televisheni. Ndani ya kibanda vijana wanacheza mpira. Lakini huu si mpira wa uwanjani. Ni mpira wa kwenye kioo. Kila kijana ameshika kidude chenye vitufe, nacho huitwa pedi. Akibonyeza kitufe, mchezaji aliye kwenye kioo anapiga mpira. Mchezo wa namna hii huitwa mchezo wa video. Vijana wanauita gemu.

Sasa tuseme mzee mmoja anaondoka kwenye bao. Anaingia kibandani.

"Shikamoo, babu," wanasema vijana.

"Marahaba, wajukuu zangu. Hebu nipeni na mimi hiyo pedi nijaribu."

Vijana wanaangua kicheko. Mama mmoja anapita njiani na ndoo ya maji kichwani. Naye anashangaa. "Mzee mzima, mvi zimejaa kichwani, anacheza michezo ya watoto!"

Je, wewe ungesema nini?

Kabla hujajibu, fikiri kidogo. Mzee huyu alipokuwa akicheza bao, hakuna aliyemcheka. Alipogusa pedi, wote walicheka. Mzee ni yule yule. Siku ni ile ile. Mvi ni zile zile. Basi tunachokicheka si umri wake. Tunacheka kwa sababu mchezo wenyewe ni mgeni kwetu.

BAO SI MCHEZO WA WATOTO

Watu wa Afrika Mashariki wamecheza bao tangu zamani sana. Bao la Kiswahili lina safu nne. Kila safu ina mashimo 8. Jumla ni mashimo 32. Kete zake ni 64. Kila mchezaji ana kete 32.

Mchezo huu una sehemu mbili. Kwanza wachezaji wananamua, yaani wanaingiza ubaoni kete walizoshika mkononi. Kete za mkononi zikiisha, wanaingia mtaji. Mchezaji mzuri hahesabu kete za shimo moja tu. Anahesabu zitafika wapi, zitakula nini, na mwenzake atajibu vipi. Anafanya hesabu hizo zote kichwani, bila karatasi wala kalamu.

Mtafiti mmoja wa Uholanzi, Alexander de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar. Mwaka 1995 alitoa kitabu juu ya uwezo wa akili zao. Mtu hatoki mbali hivyo kuja kuchunguza mchezo wa kipuuzi.

Huku kwetu Arusha, Waarusha na Wamaasai wana bao lao. Kwa lugha yao linaitwa enkeshui. Tunajua kwamba watu hawa huishi kwa rika. Mtoto ana kazi zake, morani ana zake, na mzee ana zake. Kila rika lina heshima yake na miiko yake. Hata hivyo, enkeshui haihesabiwi kuwa ni mchezo wa watoto peke yao. Wanaume wazima na wazee huketi kivulini wakaicheza, na heshima yao haipungui.

Hata Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, alipenda bao. Aliongoza nchi. Alitafsiri vitabu vya Shakespeare kwa Kiswahili. Alilima shamba lake. Na bado alipata nafasi ya kucheza. Aliacha urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, lakini bao hakuliacha. Alilicheza nyumbani kwake Butiama.

Kwa hiyo swali la kwanza limejibika. Mtu mzima kucheza si aibu.

GEMU NAZO ZIMEZEEKA

Wengi wetu tunadhani michezo ya video imeanza juzi. Sivyo. Mwaka 1972 kampuni moja ya Marekani iitwayo Atari ilitoa mchezo ulioitwa Pong. Ulikuwa mchezo rahisi sana. Kwenye kioo kulikuwa na vijiti viwili na mpira mmoja. Kila mchezaji aliurudisha mpira kwa mwenzake.

Tufanye hesabu. Kijana aliyecheza Pong mwaka 1972 akiwa na miaka 20 alizaliwa mwaka 1952. Leo amepita miaka 70. Naye ni babu. Basi hizi tunazoziita gemu za watoto zina wazee wake.

Huko Japani kuna bibi mmoja anayeitwa Hamako Mori. Alizaliwa mwaka 1930. Alianza kucheza gemu mwaka 1981, akiwa na miaka 51. Aliona watoto wanafurahi, naye akataka kufurahi. Mwaka 2020, akiwa na miaka 90, aliandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia kwa sababu ya kucheza gemu na kuwaonyesha watu kwa njia ya intaneti.

Nawe je, msomaji? Huenda una simu ndogo ya kitochi. Simu nyingi za namna hiyo zina mchezo wa nyoka. Nyoka anakula, anarefuka, na akijigonga anakufa. Mchezo huo uliingia katika simu za Nokia mwaka 1997. Kama umewahi kumlisha yule nyoka ukisubiri basi, basi nawe umecheza gemu. Usimcheke mzee wa kibandani.

JE, KUNA FAIDA?

Mwili usiofanya kazi hulegea. Akili nayo ni hivyo hivyo.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, huko San Francisco, walitoa habari ya kushangaza. Waliwachukua watu wa miaka 60 hadi 85. Waliwapa mchezo wa video wa kuendesha gari. Mchezaji alitakiwa kuongoza gari, na papo hapo kuangalia alama zinazotokea kwenye kioo. Walicheza saa 12 tu katika muda wa mwezi mmoja. Mwishoni wazee hao waliwashinda vijana wa miaka 20 ambao hawakuwa wamefanya mazoezi. Baada ya miezi 6 walipimwa tena. Faida ilikuwa bado ipo.

Tusikosee hapa. Mchezo ule ulitengenezwa kwa ajili ya uchunguzi. Haina maana kwamba kila gemu inanoa akili. Wala gemu si dawa ya uzee. Lakini tumejifunza jambo moja: akili ya mzee bado inaweza kujifunza jambo jipya.

Kuna faida nyingine, na hii haihitaji umeme. Madaktari wanasema kwamba upweke ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya mzee kupoteza kumbukumbu. Sasa tazama pembeni mwa jiji la Arusha. Nyumba zimeongezeka, mashamba yamepungua. Mzee aliyezoea kuamkia kwenye migomba na mahindi yake sasa anaamkia kwenye kiwanja kidogo. Watoto wamekwenda kazini. Wajukuu wako shuleni. Siku nzima yuko peke yake na redio. Mzee kama huyu akienda kwenye bao, hafuati kete tu. Anafuata watu. Siku asipofika, wenzake watauliza: "Mzee mwenzetu yuko wapi leo? Au anaumwa?"

MCHEZO UNAPOMCHEZA MTU

Lakini, ndugu msomaji, tusisifu tu. Kila kitu kina kipimo. Chumvi kidogo hukoleza mboga. Ukizidisha, mboga hailiki.

Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubali orodha mpya ya magonjwa. Orodha hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Ndani yake umo ugonjwa wa kutawaliwa na gemu. Dalili zake kubwa ni tatu.

Kwanza, mtu anashindwa kujizuia. Anasema atacheza mara moja, lakini anacheza mpaka usiku.

Pili, mchezo unatangulia kila kitu. Unatangulia kazi, chakula, usingizi na familia.

Tatu, anaona hasara, lakini haachi.

Kwa kawaida daktari hutazama kama hali hiyo imedumu miezi 12. Angalia vizuri: katika dalili hizo hakuna umri. Kijana anaweza kutawaliwa. Mzee anaweza kutawaliwa pia.

Kuna na hesabu ya fedha. Tuseme mtu anatumia shilingi 500 kila siku kwenye kibanda cha gemu. Fedha hiyo ni ndogo. Lakini kwa siku 30 ni shilingi 15,000. Kwa miezi 12 ni shilingi 180,000. Chukua kalamu uandike bei za dukani kwenu: daftari, sare ya shule, mbolea. Kisha uone shilingi 180,000 zingenunua nini.

Hatari zaidi ni kamari. Zipo mashine za kuchezea kamari ambazo watu huziita dubwi. Mtu anatumbukiza sarafu akitumaini kupata nyingi. Huo si mchezo wa kujifurahisha, bali ni mtego wa fedha. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inawakataza watoto wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini hata mtu wa miaka 60 anaweza kumaliza fedha zote za mahindi kwa jioni moja. Bao likiwekewa fedha, nalo linageuka kuwa kamari.

NA MAMA ANACHEZA LINI?

Sasa mkumbuke yule mama aliyepita na ndoo ya maji. Sisi tulimsikia akishangaa. Lakini hatukumwuliza kwa nini.

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, lenye jina la mji huu huu. Azimio lilieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi sana, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Lilieleza pia kwamba wanaume wa vijijini hupumzika nusu ya maisha yao. Maneno hayo yaliwauma wanaume wengi, kwa sababu yalikuwa kweli.

Miaka mingi imepita. Pita leo kwenye bao au kwenye drafti ya vizibo vya soda. Hesabu wanaume, kisha hesabu wanawake. Je, wanawake hawapendi kucheza? Au hawana nafasi? Wakati kete zinasogezwa chini ya mti, nani anachota maji? Nani anamkatia ng'ombe majani? Nani anapika?

Hapa ndipo kilipo kiini cha jambo. Tusimwulize mtu, "Una miaka mingapi hata ucheze?" Tumwulize, "Umemwachia nani kazi yako?" Mzee wa miaka 75 aliyelima maisha yake yote ana haki ya kukaa kivulini jioni. Kijana wa miaka 25 anayecheza saa nne asubuhi huku mama yake akipalilia peke yake hana haki hiyo. Na mume anayerudi kutoka kwenye bao akauliza, "Chakula kiko wapi?" ajiulize kwanza mke wake alipumzika saa ngapi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kazi itangulie. Mchezo uwe jioni, au siku ya mapumziko.

Pili, tusicheze kwa fedha.

Tatu, tugawane kazi za nyumbani, ili mama naye apate saa yake ya kupumzika na kucheza apendavyo.

Nne, wazee na vijana wafundishane. Babu amfundishe mjukuu bao. Mjukuu amwonyeshe babu gemu. Wakicheka, wacheke pamoja.

Mwisho, ndugu msomaji, kumbuka jambo hili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima nchini Tanzania. Wazee wenye mvi walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Wako waliowacheka: "Kusoma umri huu? Kalamu ni ya watoto!" Huko Kenya, mwaka 2004, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Naye alichekwa. Lakini alisoma.

Wewe unayesoma maneno haya, huenda nawe ulichekwa siku ulipokwenda darasani mara ya kwanza. Hukuona haya. Ulikaa kwenye dawati, ukaandika herufi moja, kisha ya pili. Leo unasoma gazeti.

Basi ukimkuta mzee ameshika pedi jioni, kazi yake imekwisha, mfuko wake ni salama, na mkewe amepumzika, usimcheke. Msalimie. Kisha muulize amefunga mabao mangapi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu watu wazima wanacheza michezo gani? Wanacheza saa ngapi?

2. Je, wanawake wa kijiji chenu wana nafasi ya kucheza? Kama hawana, ni kazi zipi zinazowazuia, na nani anaweza kuwasaidia?

3. Utajuaje kwamba mchezo umeanza kumtawala mtu?

4. Mtu anatumia shilingi 300 kila siku kwenye mchezo. Kwa siku 30 ametumia shilingi ngapi?