Visiwani, Daraja ni Uaminifu wa Mtumishi

Tangu tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la J. P. Magufuli, msafiri atokaye Kigongo, wilayani Misungwi, kwenda Busisi, wilayani Sengerema, halazimiki tena kungoja pantoni. Kilomita 3 za Ghuba ya Mwanza, ambazo siku za foleni ziliweza kumchukua mtu saa mbili za kungoja na kuvuka, leo gari linazimaliza kwa dakika chache. Ni kazi ya kupongezwa, nasi tunaipongeza.

Hata hivyo, mtu akiketi kivulini pale Kigongo na kuwasikiliza wananchi, atasikia kwamba maoni yao si ya namna moja. Wako wanaoshukuru kwamba mgonjwa na bidhaa sasa hufika upesi. Wako waliokuwa wakiuza samaki, mayai na mahindi ya kuchoma kwa abiria wa pantoni, ambao leo huyatazama magari yakipita bila kusimama. Na yuko mtu wa visiwani, aliyekuja Mwanza kwa shughuli zake, asemaye kwa upole: "Ninyi mmepata daraja. Sisi bado tunamtegemea mtu."

Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Daraja halichelewi kazini. Halina shamba la kwenda kupalilia saa tatu asubuhi, wala duka la kulifungulia wateja. Lakini kivuko hakina akili yake chenyewe. Usalama wake ni usalama wa mtu aliyeshika usukani na wa mtu anayehesabu abiria langoni. Mmoja wao asipokuwapo, chombo hata kiwe kizima namna gani, hakina salama.

Ndugu zetu wa Ukara wanalijua jambo hili kuliko sisi. Tarehe 20 Septemba, 2018, siku ya gulio, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya ikitokea Bugorora. Ilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Waliookolewa walikuwa 41. Injini zake zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa miezi michache tu kabla ya hapo. Rais wa wakati huo, Hayati John Magufuli, alilieleza Taifa kwamba kivuko kilizidisha abiria na kwamba usukani ulikuwa umeachwa kwa mtu asiyefunzwa kazi hiyo. Fedha za Serikali, basi, zilikwisha kutumika kwa injini. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mahali pake na kusema: "Mmetosha, wengine mngoje."

Sasa twende kwenye jambo linalozungumzwa kila siku maofisini na vijiweni, nalo ni miradi ya watumishi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Mwaka 1991, kule Zanzibar, Chama kililegeza masharti hayo. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali yake. Kwa hiyo leo mtumishi mwenye kuku, bustani ya nyanya au mtumbwi wa kuvua hana kosa. Sisi hatumlaumu. Mshahara una mipaka, watoto wanasoma, na mkono usiofanya kazi haujengi nchi. Tena mtu anayependa bustani yake jioni huwa mtu mtulivu kazini asubuhi.

Lakini kuna mipaka miwili ambayo hapana budi ilindwe.

Mpaka wa kwanza ni saa. Saa ya kazi ni mali ya umma kama zilivyo fedha za umma. Tabibu wa zahanati ya kisiwani anayefunga mlango akaangalie nyavu zake, amechukua kitu kisicho chake, ingawa hakuna mkaguzi wa hesabu atakayekiona kitabuni. Mwenye kukiona ni mama aliyevuka maji na mtoto mwenye homa.

Mpaka wa pili ni uamuzi. Januari, 2024, ulizinduliwa mjini Mwanza mpango wa kuwakopesha wavuvi boti na vizimba vya kufugia samaki. Ni mpango mzuri. Lakini ofisa anayeshauri nani apewe kizimba, naye mwenyewe akawa anakitaka kizimba, hawezi kuwa mchezaji na mwamuzi kwa wakati mmoja. Achague moja.

Tulipokuwa wadogo chuoni, mwalimu alitufundisha kwamba amana huulizwa. Baadaye, katika Chama, tulifundishwa kwamba cheo ni dhamana. Mafunzo hayo ni mamoja.

Tunawaomba viongozi wa Mkoa na Wilaya mambo matatu. Kwanza, kila gati la kisiwani libandikwe waziwazi idadi ya abiria wa chombo, na mwananchi anayehoji asionekane mkorofi. Pili, kama ipo pantoni yoyote iliyobaki bila kazi, visiwa vifikiriwe kabla ya mahali pengine popote. Tatu, wachuuzi waliopoteza soko Kigongo wapatiwe mahali rasmi pa kuuzia, kwa maana biashara zao ndogo ndizo zilizowalisha wasafiri miaka yote ya foleni.

Wananchi nao wana wajibu. Abiria anayemsihi nahodha ampakie "mmoja tu" anaizidisha hatari kama yule anayemkubalia.

Daraja la zege tumelipata Kigongo. Ukara, Kome na Maisome wanaendelea kuvuka maji. Kwao, daraja ni mtumishi aliyepo kazini.