Gitaa lisilong'aa halitaki kung'arishwa

Mvua zikishakatika, kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi jekundu la Karatu haliachi kitu. Linatua kwenye majani ya kahawa, kwenye vioo vya magari ya watalii yanayoteremka kutoka Ngorongoro, na kwenye gitaa kavu la kwaya lililoegemezwa ukutani kusubiri Jumapili. Mwenye gitaa akiliona katika hali hiyo hufanya kile ambacho wengi wetu tumefundishwa tangu utotoni: huchukua kitambaa, huweka mafuta ya kung'arishia samani, husugua mpaka ling'ae. Kwa gitaa lililopakwa vanishi ya kung'aa, hasara yake inaweza kuwa ndogo. Lakini magitaa mengi ya siku hizi, hasa yale ya bei ya chini na ya kati, hupakwa vanishi ya satini, ile yenye mng'ao hafifu. Kwa uso wa namna hiyo, kusugua kunaharibu kuliko uchafu wenyewe, na kosa lake halirekebishiki kwa urahisi.

Sababu yake iko kwenye mwanga. Vanishi ya kung'aa imelala sawa kama maji yaliyotulia mtungini. Mwanga ukiipiga hurudi wote kwa upande mmoja, ndiyo maana unaweza kuiona balbu ya sebuleni ndani yake. Vanishi ya satini kwa kawaida huchanganywa na chembe za silika zenye ukubwa wa mikromita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Vanishi ikikauka, chembe hizo huacha vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho, na mwanga ukigonga hapo hutawanyika huku na huku. Kwa hiyo satini si rangi wala aina ya mbao, ni umbo la uso, na chochote kinachosawazisha vilima hivyo kinaiondoa satini yenyewe. Ushahidi unaonekana kwenye magitaa yaliyopigwa kwa miaka kadhaa. Geuza gitaa utazame nyuma ya shingo yake, pale kidole gumba kinapopanda na kushuka, kisha utazame ukingo wa juu ambapo mkono wa mpigaji huegemea. Utakuta mabaka yanayong'aa. Hakuna aliyepaka kitu pale. Ni ngozi tu imepita juu ya vilima maelfu ya mara. Ikiwa ngozi ya binadamu inaweza kufanya kazi hiyo, kitambaa chenye mchanga kitaifanya kwa muda mfupi zaidi.

Na vumbi la Karatu ni mchanga wa kweli. Udongo wa pale umetokana na miamba ya volkano ya nyanda za juu za Ngorongoro, na wekundu wake ni oksidi za chuma, ikiwemo hematiti. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 kwa ulanga hadi 10 kwa almasi, hematiti hufika kati ya 5 na 6, sawa na kioo cha dirishani, ilhali ukucha wa mtu una 2.5 hivi. Vanishi ni laini kuliko kioo kwa mbali. Anayesugua gitaa lenye vumbi hilo, hata kwa kitambaa kikavu na safi, anapiga msasa. Ndiyo maana vumbi lazima litangulie kuondoka kabla kitambaa hakijagusa ubao. Brashi ya rangi yenye nywele laini, ambayo haijawahi kuchovywa kwenye rangi, inatosha: ipitishe polepole kufuata nyuzi za mbao, gitaa likiwa limeinamishwa ili vumbi lianguke chini na lisiingie kwenye tundu la sauti. Kazi hiyo ifanyike nje, pua ikiwa imefunikwa, kwa kuwa vumbi jembamba halifai mapafuni. Usipulize kwa mdomo, maana matone ya mate huligeuza vumbi kuwa tope. Baada ya hapo ndipo kitambaa kipite, bila kukandamiza. Kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko vitambaa vingi vya dukani, mradi upindo wake umekatwa, kwa sababu ule uzi wa cherehani ni mgumu.

Mtu atauliza: na jasho je? Swali ni la haki. Jasho lina chumvi na asidi kidogo, ngozi nayo hutoa mafuta, na mchanganyiko huo ukikutana na vumbi huwa utando unaonata ambao brashi haiuwezi. Hapo maji yanaruhusiwa, lakini kwa kipimo. Lowesha kitambaa, kikamue mpaka kisitoe hata tone, na kama uchafu ni sugu ongeza tone moja la sabuni laini ya vyombo kwenye bakuli zima la maji. Pitisha, futa kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, kisha kausha papo hapo. Wengine watasema wamepaka mafuta ya samani miaka yote na gitaa lao linapendeza. Linapendeza siku ya kwanza. Nta na silikoni zilizomo hujaza yale mabonde, uso ukang'aa kwa mabaka, vumbi likapata pa kunasia. Na siku ubao ukipasuka, fundi atahangaika kwa kuwa silikoni huzuia vanishi mpya kushika. Dawa ya meno, ambayo baadhi huitumia kuondoa michubuko, ni mbaya zaidi: ndani yake mna chembe za kusugulia. Mafuta yana nafasi moja tu kwenye gitaa la namna hii, nayo ni ubao wa vidole wa mbao nyeusi au ya kahawia usiopakwa vanishi, tena matone mawili matatu wakati wa kubadilisha nyuzi.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa afya. Gitaa la kwaya hushikwa na watu wengi, na tangu corona tumezoea kupulizia spiriti kila kitu. Spiriti huyeyusha baadhi ya vanishi, hasa za selulosi na za shelaki, na kwa macho tu mwenye gitaa hawezi kujua lake limepakwa ipi. Hali kadhalika dawa ya mbu yenye DEET, iliyobuniwa na jeshi la Marekani mwaka 1946: hulainisha plastiki na vanishi, na kiganja kilichotoka kupakwa dawa hiyo kinaweza kuacha alama yake kwenye ubao. Hili halimaanishi tuache kujikinga. Anayepiga gitaa jioni Mang'ola au Mto wa Mbu anahitaji kinga dhidi ya malaria kuliko anavyohitaji satini. Ila avae mikono mirefu, apake dawa mapema, na anawe viganja kwa sabuni na kuvikausha kabla ya kushika chombo. Kunawa huko ndiko kunakomlinda pia mwenzake atakayelishika gitaa baada yake.

Uso ukishatunzwa, mbao iliyo chini yake bado inapumua. Msitu wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, huamka ndani ya ukungu. Karatu, chini yake kwa mamia ya mita, mchana wa Septemba hewa ni kavu. Mbao hufyonza unyevu ikavimba, huupoteza ikasinyaa, na gitaa linalopandishwa hotelini kutumbuiza wageni kisha likarudishwa mjini hupitia hayo yote ndani ya siku moja. Watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Begi gumu lililofungwa hupunguza mshtuko huo, na wakati wa kiangazi kijisanduku cha plastiki cha sabuni kilichotobolewa, chenye sifongo iliyokamuliwa vizuri, kikiwekwa ndani ya begi hurudisha unyevu kidogo kidogo. Usiliache gitaa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kama gitaa lako lina mabaka yanayong'aa tayari, usijaribu kuyafananisha na sehemu zilizobaki kwa kuzisugua. Yaache yalivyo. Kurudisha satini ni kazi ya fundi, na fundi mwenyewe hulazimika kuuchuna uso kwa msasa mwembamba au kuupaka vanishi upya.