Beseni Halimpi Mtu Mimba

[MUZIKI WA KIPINDI, UNASHUKA POLEPOLE]

MTANGAZAJI: Leo tunajibu maswali mliyoyatia kwenye sanduku letu. Yanaleta aibu kidogo, kwa hiyo tutasema kwa heshima, lakini tutasema wazi.

Kabla sijafika hapa kambini niliishi Kampala, mtaa wa Kalerwe, nyuma ya soko. Vyumba vilikuwa vingi, bafu moja, maji tunanunua kwa jerikeni. Dada mmoja jirani alilia wiki nzima kwa sababu aliogea beseni lililotumiwa na mwanamume. Aliogopa mimba. Dada mwingine alilala na rafiki yake bila kondomu, akajiosha ndani kwa chumvi na sabuni ya unga, akatulia. Aliyelia hakuwa na mimba. Aliyetulia ndiye aliyeipata. Hofu ilikaa mahali si pake.

[MUZIKI MFUPI]

SWALI LA KWANZA: Je, naweza kushika mimba kwa beseni, taulo au choo?

MTANGAZAJI: Hapana. Shahawa, wengine huita manii, ni majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Zikikauka kwenye nguo au taulo, mbegu zinakufa. Kwenye maji ya sabuni pia hazidumu. Hatari ipo shahawa zikiingia ukeni, au zikimwagika mlangoni mwa uke zikiwa bado mbichi, hata kama mwanamume hakuingia.

SWALI LA PILI: Nikijiosha au nikikojoa mara moja, si zitatoka?

MTANGAZAJI: Hapana. Mbegu ni mamilioni, na baadhi hupita mlango wa kizazi kwa dakika chache. Maji hayazifikii huko. Mkojo nao una njia yake, si njia ya uzazi. Mbegu zikishaingia zinaweza kuishi hadi siku 5. Kwa hiyo tendo la Jumatatu linaweza kuleta mimba Ijumaa.

SWALI LA TATU: Mwanamume akichomoa mapema?

MTANGAZAJI: Hatari inapungua, haiishi. Majimaji yanayotangulia yanaweza kuwa na mbegu, na wengi huchelewa kuchomoa. Kondomu inazuia mimba na magonjwa pia. Tumia mpya kila mara, usiioshe ili uitumie tena.

SWALI LA NNE: Imeshatokea. Nifanye nini?

MTANGAZAJI: Acha beseni, nenda kituo cha afya. Omba vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Vinafanya kazi ndani ya siku 5, lakini leo ni bora kuliko kesho. Haviharibu mimba iliyokwisha kushika. Kama unaogopa VVU, omba dawa za kinga, yaani PEP. Hizo lazima zianze ndani ya saa 72.

Kama ulilazimishwa, kosa si lako. Ukiweza, nenda kabla ya kuoga, na nguo ulizovaa uende nazo, kwa sababu ni ushahidi. Lakini hata kama umeshaoga, nenda tu. Ikiwa ni mtoto, hapa Uganda piga 116, ni bure.

SWALI LA TANO: Basi usafi tufanyeje?

MTANGAZAJI: Dada, osha nje tu, kwa maji safi. Ndani uke unajisafisha wenyewe. Chumvi, ndimu, sabuni ya unga na majani vinachoma na kuleta vidonda, na magonjwa yanapata mlango. Kaka ambaye hujatahiriwa, vuta govi taratibu, osha kila siku. Na wewe kijana unayeamka nguo imelowa, huna ugonjwa wala hujarogwa. Mwili unakua. Fua nguo, endelea na siku yako.

Ukiona usaha, harufu mbaya, muwasho au maumivu ukikojoa, nenda kituoni, na mwenzako aende pia. Akitibiwa mmoja peke yake, mnaweza kuambukizana tena.

[MUZIKI UNAPANDA KIDOGO]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, yule dada wa Kalerwe alikuwa na siku 5 za kusaidiwa. Zilipita akiamini sabuni imemsaidia. Kama kuna binti, dada au jirani ambaye hakusikiliza leo, mwambie. Sanduku letu liko wazi, usiandike jina. Kwaherini.

[MUZIKI WA KUFUNGA]