Jiwe la Shinkolobwe na Mapafu Yako

Ndugu mufanyakazi, wewe unayeshuka mugodini, na wewe unayeendesha kamio ya mawe toka machimbo hadi kiwandani, simama kidogo usome. Moto unauona, unaukimbia. Shimo unaliona, unalizunguka. Mahali penye umeme mukali, kapita amekuwekea kibao chenye kichwa cha mufu. Leo tunasema juu ya adui asiye na rangi wala harufu, asiyeuma siku ile anapoingia. Anaweza kukaa ndani yako miaka 20 bila kutoa sauti.

Kila mutu wa Likasi anajua jina la Shinkolobwe, kilomita karibu 20 toka mujini. Mawe yake yalitambulika mwaka 1915. Kwanza yalitafutwa juu ya radiumu, ambayo waganga waliitumia kuunguza kansere. Tangu 1922 ilitengenezwa kule Olen, Ubelgiji. Kwa kupata gramu 1 ya radiumu, ilihitajiwa mawe yenye tani 3 za uraniumu. Uraniumu yenyewe wakati ule ilikuwa na kazi ndogo tu, kama kutia rangi vioo na vyungu. Vita ikageuza mambo. Mwaka 1940 tani 1,200 hivi za mawe zilipelekwa New York, na sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapa kwetu. Nyuma ya vita, nchi nyingi zikajifunza kuchemsha maji kwa uraniumu na kuzungusha mashini za umeme. Wao wamepata taa, sisi tumebaki na shimo.

Mugodi ulifungwa mwaka 1960, na visima vyake vikazibwa kwa beto. Baadaye kreseri wakarudi kuchimba kobalti kwa mikono. Januari 2004 amri ya Rais ilifunga machimbo hayo; Julai mwaka uleule udongo uliporomoka ukaua watu humo.

Utasema: «Mimi sifanyi kazi Shinkolobwe, mambo hayo yananihusu nini?» Yanakuhusu. Katika Katanga, uraniumu imechanganyika mara nyingi na mawe ya shaba na ya kobalti, mahali pengine kidogo, mahali pengine zaidi. Macho yako hayawezi kuipima. Ni mashini ya kupimia tu inayoweza.

Sasa fahamu namna inavyofanya kazi. Uraniumu inajivunja polepole sana, inazaa radiumu, na radiumu inazaa hewa inayoitwa radoni. Hewa hii inatoka katika nyufa za mwamba na katika maji yanayodondoka ukutani. Ni nzito kupita hewa ya kawaida, na mahali hewa haitembei inajikusanya: mwisho wa njia, kisima cha zamani, chumba kisichofunguliwa. Radoni haidumu, kila siku 4 hivi nusu yake inakwisha. Lakini inapokwisha inaacha watoto wake, vipande vidogo mno vinavyojishika na mavumbi. Wewe unavuta mavumbi, nao wanaingia.

Hapa ndipo watu wanadanganyika. Miali ya watoto hao walio wabaya zaidi inazuiwa na karatasi moja tu. Hata ngozi ya mukono wako inaizuia. Basi mutu anacheka, anasema jiwe hili halina kitu. Lakini ndani ya mapafu hakuna ngozi nene wala karatasi. Miali inapiga nyama laini kila siku, na nyama iliyopigwa hivyo inaweza kugeuka kansere. Tena jiwe lenye uraniumu nyingi linatoa miali mingine, ile inayopita ngozi na nguo, kwa hiyo si kitu cha kukalia wakati wa kupumzika.

Jambo hili si jipya. Kule Schneeberg, Ujerumani, wachimbaji walikufa miaka mingi kwa ugonjwa walioita ugonjwa wa mulima, na mwaka 1879 waganga wawili walionyesha kwamba ulikuwa uvimbe mubaya wa mapafu. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1940, Wahindi wa kabila la Navajo katika Marekani walishushwa katika migodi ya uraniumu isiyo na mashini za kupuliza hewa. Wengi walikufa kwa kansere ya mapafu. Sheria ya kuwalipa wao na wajane wao ilitoka mwaka 1990. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Kwa hiyo hewa ni ya kwanza. Mashini ya kupuliza hewa ikisimama, toka, umwambie kapita. Usiseme «nitamaliza kipande hiki kwanza». Hakuna prime inayonunua mapafu. Toboa kwa maji, hapana kwa ukavu. Maski ya mavumbi inakamata mavumbi pamoja na wale watoto wa radoni, lakini radoni yenyewe inapita. Kwa hiyo maski haichukui nafasi ya hewa safi. Kitambaa ulichofunga mudomoni hakitoshi hata kwa mavumbi. Na wewe unayevuta tumbako, ujue kwamba sigara na radoni zikikutana katika pafu moja, hatari inapita kwa mbali ya kila moja peke yake.

Ya pili ni nguo, na hapa tunasema na bibi yako pia. Mutu anatoka kazini, anarudi na koti lilelile. Mutoto anamukimbilia, anamukumbatia. Kesho mama anakung'uta koti katika lupango kabla ya kulifua. Mavumbi yale hayaulizi kama mama ameandikwa kazini. Acha nguo za kazi katika vestiere, oga pale, nawa mikono na uso kabla ya kugusa bukari. Uraniumu inayoingia kwa mudomo inaharibu figo. Maji ya machimbo usiyanywe hata kama yanang'aa, wala usimwagilie mboga.

Ya tatu ni mawe na muchanga. Katika muji wa Grand Junction, Marekani, watu walichukua muchanga uliotupwa na kiwanda cha uraniumu, wakaujengea misingi ya nyumba, kwa sababu ulikuwa wa bure. Radoni ikapanda ndani ya vyumba. Mwaka 1972 serikali ilibidi kutoa sheria ya kwenda kuuchimbua chini ya nyumba zile. Radiumu inahitaji miaka 1,600 ili nusu yake tu ikwishe, basi usingoje ipoe. Muchanga wa takataka za kiwanda usiupeleke kwako.

Mwisho, tunajua kwamba nyumba nyingi zina jiwe moja zuri juu ya kabati, la kijani, la manjano au la rangi ya chungwa, lililoletwa na baba au babu. Kama ni lako, usilivunje, usilisage, usimupe mutoto kulichezea, wala usilitupe kisimani. Litie katika kifuko cha plastiki na kopo lenye kifuniko, uliweke nje mbali na chumba cha kulala, unawe mikono, kisha uje kwenye ofisi ya usalama useme. Hatutakuuliza lilitoka wapi. Watu wetu watakuja nyumbani na mashini ya kupimia.