Takwimu za Thabeet chuoni: Zilisema nini, zilinyamaza wapi?

WAPENZI wengi wa mpira wa kikapu nchini wanakumbuka usiku wa Juni 25, 2009, ambapo kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliitwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Timu ya Memphis Grizzlies ilimchukua mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Wanakumbuka pia kilichofuata. Katika michezo 224 ya msimu wa kawaida wa NBA, Thabeet alipata wastani wa pointi 2.2 tu.

Je, waliomchagua walidanganywa na takwimu? Jibu linahitaji kurudi Chuo Kikuu cha Connecticut, msimu wa 2008/09, na kuzisoma namba hizo kwa utulivu.

Msimu huo Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, ilishinda michezo 31 na kupoteza mitano. Ilifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, ambako ilifungwa na Michigan State kwa pointi 82 kwa 73.

Mfungaji aliyeongoza kwa wastani alikuwa A.J. Price, pointi 14.7 kwa mchezo. Thabeet na Jeff Adrien walikuwa na 13.6 kila mmoja. Kwa anayetazama safu ya pointi peke yake, watatu hao walikaribia kulingana. Ukweli ni kwamba kazi zao zilitofautiana kama kazi ya kipa na ya mshambuliaji katika soka.

Price alikuwa mwongozaji wa timu. Pamoja na pointi zake, alitoa pasi 4.7 za kufungisha kwa kila mchezo, yaani pasi ambazo mpokeaji alifunga papo hapo. Thabeet hakufikisha hata pasi moja ya namna hiyo kwa mchezo. Kwa upande wake, alidaka ribaundi 10.8, ambazo ni mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, na kuzuia mitupo 4.2. Jumla alizuia mitupo 152 msimu mzima.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza: mchezaji hupimwa kwa kazi aliyopewa. Kumlaumu mchezaji wa kati kwa kukosa pasi, au mwongozaji kwa kukosa ribaundi, ni kumhukumu mtu kwa kosa la mwenzake.

Somo la pili linahusu ulengaji. Thabeet alifunga asilimia 64 ya mitupo yake ya kawaida, kiwango kikubwa mno. Lakini mitupo hiyo ilikuwa ya karibu kabisa na kikapu, mingi ikitokana na mipira aliyopelekewa na wenzake. Mtupaji wa mbali hawezi kufikia asilimia hiyo, na hana haja ya kuifikia.

Tuchukue mfano. Mchezaji akitupa mara 10 mitupo ya pointi mbili na kufunga mitano, amepata asilimia 50 na pointi 10. Mwingine akitupa mara 10 mitupo ya pointi tatu na kufunga minne, amepata asilimia 40 lakini pointi 12. Ndiyo maana wataalamu hulihesabu kila goli la pointi tatu kama goli moja na nusu kabla ya kulinganisha asilimia.

Somo la tatu ni dakika. Mchezo wa vyuo Marekani ni wa dakika 40, na si wote wanaocheza muda sawa. Msimu huo alikuwapo kijana wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker, aliyepata pointi 8.9 kwa mchezo. Namba hiyo haishtui. Hata hivyo, aliipata kwa takriban dakika 25. Ukiikadiria kwa dakika 40, inakuwa zaidi kidogo ya 14. Miaka miwili baadaye, Walker alikuwa na wastani wa pointi 23.5 na kuiongoza Connecticut kutwaa ubingwa wa taifa wa 2011.

Somo la nne ndilo gumu zaidi: wastani huficha kilele na bonde. Februari 14, 2009, dhidi ya Seton Hall, Thabeet alifunga pointi 25, akadaka ribaundi 20 na kuzuia mitupo tisa. Siku mbili baadaye, siku aliyotimiza miaka 22, alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa mbali lakini mwenye kifua kipana na nguvu nyingi. Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alitoka na pointi tano na ribaundi nne, na Connecticut ikafungwa 76 kwa 68.

Ukijumlisha michezo hiyo miwili na kugawanya, unapata pointi 15 na ribaundi 12, yaani mchezaji mzuri sana. Lakini mchezaji wa wastani huo hakuonekana uwanjani siku yoyote kati ya hizo mbili. Aliyeonekana ni yule aliyetawala alipokosa mpinzani wa kumsukuma, na aliyehangaika alipompata. Katika NBA, wenye nguvu za kusukumana naye aliwakuta karibu kila usiku.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kusema takwimu zilisema uongo. Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Chuoni alipanda kutoka pointi 6.2 kwa mchezo mwaka wa kwanza hadi 10.5 mwaka wa pili, kisha 13.6. Ribaundi zilipanda kutoka 6.4 hadi 7.9, kisha 10.8. Huo ni ushahidi wa kijana aliyejituma, na hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Namba zilieleza kwa usahihi alichokifanya, dhidi ya wapinzani aliowakuta, katika timu iliyojengwa kumlinda na udhaifu wake. Kosa lilikuwa la waliozifanya kuwa ahadi ya kesho.

Kwa vijana wetu wanaotafuta nafasi za masomo ng'ambo kupitia mchezo huu, na kwa makocha wanaowaandaa, funzo li wazi. Tunzeni takwimu za kila mchezo, si za siku njema pekee. Mtu anayetaka kujua uwezo wa kweli wa mchezaji hataanza na siku ya Seton Hall. Ataanza na siku ya Pittsburgh, kisha atafungua ukurasa unaofuata aone kijana aliinukaje.